Yumba kwanza, hatua baadaye

Kwa anayeongoza dansi ya wawili: usianze kwa kupiga hatua, anza kwa kuhamisha uzito. Mkishashikana, yumba taratibu kushoto na kulia mara mbili au tatu, sentimita chache tu, kwa kiwiliwili chote na si kwa mikono. Malizia ukiwa umeulemea mguu wako wa kulia, naye wake wa kushoto. Tulia pigo moja, kisha toka na mguu wa kushoto. Mguu uliobeba mwili hauwezi kunyanyuka, ndiyo siri yote. Ukimvuta mwenzako akiwa amesimamia mguu uleule unaotaka autoe, atajikwaa au mtakanyagana, na lawama utamtupia yeye bure.

Kuyumba huku hakufui dafu mwenzako akigawa uzito kwenye miguu yote miwili. Utahisi kama unasukuma kabati. Kwa hiyo wewe unayefuata, kila hatua imalize kwa kuhamia mguu mmoja kabisa, ule mwingine uguse sakafu tu, na usibahatishe hatua inayokuja. Mikono nayo ina lake: ikilegea kama kamba ujumbe haufiki, ikikakamaa unafika kama msukumo.

Mkicheza mmeachana, mmeshikana viganja tu, kama kwenye salsa ya kasi, kuyumba hakusikiki vizuri. Hapo afadhali mkubaliane mapema mguu wa kuanzia na mwingie pamoja kwenye pigo la kwanza.