Namna ya Kuandaa Mbio za Kuchangia Uhuru wa Wanawake Walioathiriwa na Vita

Kabla ya kupanga njia ya mbio, chagua shirika litakalopokea fedha, kwa kuwa mchangiaji ana haki ya kujua mchango wake unakwenda wapi. Women for Women International, kwa mfano, lililoanzishwa mwaka 1993, huwafundisha wanawake walionusurika vita haki zao pamoja na stadi za kujipatia kipato. Mwaka 2005 Lisa Shannon, mkazi wa Portland nchini Marekani, alikimbia maili 30 kuwachangia wanawake wa Kongo kupitia shirika hilo. Hivyo hata mkimbiaji mmoja anatosha kuanza.

Waombe watu waahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, au mchango mmoja kwa mbio nzima, na fedha ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika. Wakishiriki wengi, tafuta kibali, maji na huduma ya kwanza.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni heshima: usitumie picha wala simulizi ya mwanamke aliyedhulumiwa bila ridhaa yake, hata kama ingevuta michango mingi zaidi. Baada ya mbio, watumie wachangiaji hesabu kamili, gharama zikiwemo.