Theluji ya Machi inageuka mvua saa ngapi? Ninavyomtabiria mpwa wangu wa Boston nikiwa Wete

Mpwa wangu anaendesha lori la mizigo kati ya Boston na Worcester, jimbo la Massachusetts. Ukiingia Machi tu, simu inalia: "Shikamoo mjomba, kesho kunanyesha nini?" Mimi kazi yangu ya miaka mingi hapa Pemba ni kupima mvua na upepo. Theluji sijaigusa, niijuayo ni ile inayoota kwenye kuta za friza. Lakini hewa ni hewa. Dhoruba nyingi za mwisho wa baridi kule huanza kwa theluji na kumalizia kwa mvua, na dereva hana haja sana ya kujua sentimita. Anataka saa ya kugeuka. Juzi binti wa jirani, ambaye kaka yake naye yuko huko, aliniomba nimfundishe. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Chagua nukta mbili

Usitabiri "Massachusetts". Boston iko baharini, Worcester iko vilimani, na uwanja wake wa ndege uko karibu mita 300 juu ya bahari. Mara nyingi mmoja unanyeshewa huku mwingine bado ni mweupe.

Hatua ya 2: Saa (usiiruke hii)

Ramani nyingi za hali ya hewa zinatumia saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Boston wakati wa baridi iko saa tano nyuma yake, kwa hiyo kati yetu na wao ni saa nane. Ila Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa saa saba, na ndio msimu wenyewe wa dhoruba hizi.

Mwaka mmoja niliona kwenye ramani kwamba theluji ingegeuka saa 18 UTC. Nikatoa tano kwa mazoea, nikapata saa 13, yaani saa saba mchana kwetu. Nikamwandikia: "Inageuka mvua saa 7." Kosa la kwanza: saa zilikuwa zimeshasogezwa, jibu sahihi lilikuwa 14:00. Kosa la pili ndilo lililomuumiza. Mtoto amekaa huko miaka, akisoma "saa 7" anaona ile saba ya kwenye dashibodi ya lori, saa moja yetu ya asubuhi. Akatoka akijua mvua imeshaiosha barabara. Akaikuta theluji inashuka kama pamba, akakwama hadi mchana. Aliponipigia hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku hiyo siandiki neno "saa" kwenye ujumbe wa utabiri. Naandika "14:00 Boston", basi.

Na siku pia. Saa 00 UTC ya Jumamosi, kwetu ni saa tisa za usiku, kwao bado ni Ijumaa jioni. Mama yake, kama wazee wetu wote, akisema "usiku wa Jumamosi" anakusudia usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa kuwa siku kwake inaanza jua likizama. Mpwa wangu akisikia hivyo anasubiri hadi Jumamosi yenyewe ichwe. Andika tarehe. Kama unapeleka habari kupitia kwa mama mtu, andika tarehe mara mbili.

Hatua ya 3: Kitovu cha dhoruba kinapita wapi

Tafuta mgandamizo mdogo wa hewa unaopanda kutoka kusini, kandokando ya pwani. Watabiri wa huko wana alama yao baharini, nyuzi 40 kaskazini na 70 magharibi. Kitovu kikipita hapo au nje kidogo, Boston ina nafasi nzuri ya kubaki kwenye theluji. Kikikumbatia pwani au kupita magharibi ya mji, hewa ya bahari inaingia. Bahari ya huko mwezi Machi ina joto la kama nyuzi 4 au 5 za Selsiasi. Kwetu mtu angekufa kwa baridi hiyo, lakini kwa theluji ni moto. Kwa hiyo tazama upepo: ukitoka mashariki, Boston inaelekea mvua, ukitoka kaskazini, baridi inashikilia.

Hatua ya 4: Acha kipimajoto cha chini, tazama juu

Zile programu za simu zenye picha ya wingu na vinyota sizitaki kabisa. Napenda vipimo vya maputo yanayopanda angani yakipima hewa, kwa kawaida yanarushwa mara mbili kwa siku, saa 00 na 12 UTC. Chuo Kikuu cha Wyoming kinaviweka bure kwa tarakimu tupu, havili bando. Vituo vya maputo vilivyo karibu na Boston ni Albany na Upton (jimbo la New York) na Gray (jimbo la Maine). Kwa saa zijazo, chukua mkato wa wima, yaani joto la hewa kutoka juu hadi ardhini, wa modeli mbili za kompyuta za utabiri, ya Ulaya na ya Marekani.

Shuka nao kutoka juu. Ukikuta tabaka lililovuka sifuri, mara nyingi karibu na mita 1,500, soma joto lake la juu kabisa. Chini ya nyuzi 1, theluji kwa kawaida inapita salama. Kati ya 1 na 3 inayeyuka nusu, na ikikutana na baridi chini inaganda tena kuwa chenga za barafu. Zaidi ya 3 inayeyuka yote. Hapo kama ardhini ni chini ya sifuri, unapata mvua inayoganda juu ya lami, na hiyo namwambia asitoke.

Wakongwe walitumia mstari mmoja wa unene wa hewa, mita 5,400. Mimi siutumii. Unachukua wastani wa safu nzima, na tabaka jembamba la joto linajificha ndani yake.

Sasa mtego: ardhini nyuzi 3, unasema mvua. Subiri. Kumbuka mtungi, maji yake yanapoa kwa sababu yanavukiza. Theluji ikianguka kwenye hewa kavu, hewa inapoa vivyo hivyo. Chukua joto, chukua kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande unaanza), kisha kwenye joto toa theluthi ya tofauti yao. Nyuzi 3 na umande wa −5: tofauti 8, theluthi yake karibu 2.7, inabaki karibu na sifuri. Hiyo ni theluji. Na mvua kubwa inaweza kuipoza hewa mpaka kibao kikageuka: dhoruba ya Boston ya tarehe 31 Machi hadi 1 Aprili 1997 ilianza kwa mvua, ikamalizia na theluji ya inchi 25.4.

Hatua ya 5: Kina

Milimita 10 za maji ni kama sentimita 10 za theluji. Ya Machi ni nzito, punguza. Mchana jua la huko limeshapata nguvu, lami inakula nyingi.

Hatua ya 6: Mtumie, kisha muulize

Natuma mstari mmoja kwa kila nukta: tarehe, saa ya kugeuka, na wasiwasi wangu ("au mbili kabla, au mbili baada"). Halafu asubuhi namuuliza anaona nini kwenye kioo cha mbele, akiwa amesimama. Akisema vipande vimekuwa mabonge makubwa yenye maji, najua vinaanza kuyeyuka njiani. Akisema kioo kinalia kama mchele unaomwagwa kwenye sinia, tabaka la joto limeshafika juu yake, na namwambia atafute pa kuegesha.