Kinyama cha titi kutoka visiwani hadi maabara ya Mwanza: namna ya kukitunza kisiharibike

Andika saa kinyama kilipotoka mwilini. Kuanzia hapo kisizidi saa moja kabla ya kuzama kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, uwe Ukerewe, Ukara au Sengerema. Tishu iliyokatiwa damu huanza kujimeng'enya yenyewe, na vipokezi vya homoni, ER (cha estrojeni) na PR (cha projesteroni), huathirika mapema. Vikipotea, majibu yatasema mgonjwa hana vipokezi, naye atanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, ambayo ingemfaa.

Tumia formalini ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuzuia isigeuke asidi. Lita moja inatengenezwa hivi: mililita 100 za formalini kali (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti kavu. Vaa glavu, fungua madirisha. Bila bafa, formalini hugeuka asidi na kuacha punje za kahawia-nyeusi kwenye slaidi, ambazo ni rahisi kuzidhania rangi ya malaria.

Kopo liwe na mdomo mpana, kwa sababu tishu ikikakamaa haitoki kwenye chupa nyembamba. Formalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Hupenya takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo titi zima likitumbukizwa bila kukatwa litaoza katikati huku nje likionekana zuri. Funga kwanza nyuzi za alama, mfupi juu na mrefu upande wa kwapa, na ueleze hivyo kwenye fomu ya maabara. Paka wino upande wa nyuma, kisha chanja kutokea huko kila sentimita moja bila kupasua ngozi, na upachike shashi katikati ya vipande. Kinyama kikae kwenye formalini si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72, la sivyo vipimo vya vipokezi na vya HER2 (protini ya seli inayosaidia kuchagua dawa) havitegemeki. Meli ya kutoka Nansio haina tatizo. Tatizo ni kopo kusahaulika kabatini wiki nzima. Wala usilifukie kwenye barafu ya samaki: tishu ikiganda, seli hupasuka.

Sasa magonjwa adimu, ambayo hupotea zaidi kwa uzembe wa fomu kuliko kwa ugumu wa hadubini.

Titi jekundu lenye joto, ngozi kama ganda la chungwa, lisilopoa baada ya wiki moja au mbili za antibayotiki, linaweza kuwa saratani inayojifanya jipu. Chukua kinyama pamoja na ngozi, kwani mara nyingi seli zimejificha kwenye mishipa ya limfu ya ngozi.

Jipu linalotoa usaha kwenye tundu lisilofunga linaweza kuwa kifua kikuu cha titi. Formalini huua vimelea, hivyo kabla ya kuzamisha, weka kipande kingine kwenye maji ya chumvi safi yasiyo na vijidudu, kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu) na kuotesha vimelea. Kichocho cha titi ni adimu sana, lakini mgonjwa akiwa anaishi mwaloni, kando ya ziwa, andika. Hapo mtaalamu atatafuta yai lenye mwiba ubavuni ndani ya kundi la seli za ulinzi. Ganda la yai la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho, hushika rangi ya Ziehl-Neelsen, ile inayotumika kutafuta vimelea vya kifua kikuu.

Kwa mwanaume, uliza dawa kabla ya kisu. Efavirenzi (ya VVU) na spironolaktoni (ya moyo na kupunguza maji mwilini) zinaweza kukuza titi: uvimbe hukaa chini ya chuchu, ni wa mpira-mpira, mara nyingi pande zote mbili. Uvimbe mgumu ulio kando ya chuchu, au chuchu iliyovutwa ndani, ni wa kushuku saratani. Dawa za saratani zilizokwisha kutolewa nazo ziandikwe kwa jina na tarehe, kwa sababu huvimbisha viini vya seli hata zile nzima, na asiyejua huziita saratani.

Lebo ibandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko, na iandikwe kwa penseli: wino wa kalamu huyeyuka.