Ukiandika hadithi fupi ya deti Nairobi, usimchore mtu kwa rangi na mtaa

Tuseme umeandika hadithi, chali wa Kaloleni amependana na msichana Mhindi wa Parklands, na kabla ukurasa wa pili uishe baba ya msichana yuko kwa kaunta anahesabu pesa akifoka. Simama hapo. Huyo si mtu, ni stika umebandika. Mimi nishawahi kuandika baba kama huyo, rafiki yangu aliyezaliwa Ngara akasoma akaniambia tu, "babangu ni mwalimu wa hesabu na anaogopa mbwa." Iliniuma sana, nikafuta kurasa tatu.

Anza na nauli. Atafikaje kwa deti, na atarudi na nini? Mtu wa Buruburu anapanda matatu ya 58, mvua ikinyesha jioni makanga anapandisha bei, so mwenzake akiitisha kahawa ya pili yeye anaangalia dirishani kama mawingu yanakusanyika. Msomaji ashaelewa mambo ya pesa na hujaandika neno maskini popote.

Halafu tafuta kile anachoficha, hapa ndio ukae sana. Mgeni anakuja, chali anatoa mitungi ya maji mlangoni, godoro la mdogo wake analisukuma chini ya kitanda, anatuma mtoto kwa jirani akaazime vikombe vinavyofanana. Kaa na hivyo vikombe! Kimoja kina ufa, anakigeuza ufa uangalie kwake, na hicho ndicho anakunywia. Lakini usimwache peke yake na aibu, yule wa Parklands naye ana yake, amemdanganya mamake anaenda kusoma na rafiki, na ameshuka stage moja kabla ili shangazi asimwone.

Kuhusu rangi, wachana na ngozi ya chokoleti na nywele laini kana kwamba hizo ni tabia. Mzungu asiwe tiketi ya Ulaya, na dem wa Eastlands si lazima awe anatafuta sponsa, yule mzee wa kumlipia kila kitu. Jua kwanza mji ulivyokatwa: enzi za mkoloni Wazungu walikaa kina Muthaiga, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa Eastlands, hiyo Kaloleni ikiwemo. Na hata baada ya serikali kuwatambua Wakenya wenye asili ya Kihindi kama kabila la 44 mwaka wa 2017, bado soja wa geti Parklands anaweza kumuuliza huyu chali "unatafuta nani?" na msichana akapita bila kuulizwa kitu. Wacha soja aulize, usieleze, andika tu vile msichana anageuka kumsubiri.

Ukimaliza, futa majina kwa mazungumzo yao usome kwa sauti. Kama bado unamjua Mhindi kwa sababu umempa Kiswahili kilichovunjika, na watoto wa Ngara wanapiga Sheng kukushinda, rudi uandike hiyo sehemu upya.