Namna ya kutambua uhamaji katika takwimu za Unguja na Pemba

Anayetaka kujua watu wa visiwa vyetu wanahamia wapi asitosheke na jumla ya wakaazi, kwani ndani yake wamo waliozaliwa na waliohamia bila kutengwa. Aanze kwa kulinganisha sensa mbili. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569, na katika sensa ya Agosti 2022 walihesabiwa 1,889,773. Toa idadi ya kwanza katika ya pili, gawa tofauti kwa idadi ya kwanza, zidisha kwa 100, utapata ongezeko la asilimia 45. Fanya hivyo kwa Pemba, iliyotoka 406,848 hadi 543,441, upate takriban asilimia 34; kisha kwa Mkoa wa Mjini Magharibi, ulioko Unguja, uliotoka 593,678 hadi 893,169, upate asilimia 50.

Tafakari hapo. Uzazi wa Pemba ni mkubwa kuliko wa Unguja, kwa hiyo lau kila mtu angebaki alipozaliwa, Pemba ndiyo ingetangulia kwa kasi. Waliopungua katika hesabu hiyo unaweza kuwaona katika bandari ya Mkoani, Pemba, siku ya boti: kijana na godoro lililoviringwa likafungwa kamba, mama yake akimkabidhi kikapu cha muhogo ampelekee shangazi yake Fuoni, Unguja, atakakofikia.

Ukishuka ngazi ya wilaya, tazama mipaka kabla ya idadi. Wilaya ya Magharibi, iliyokuwa moja katika sensa ya 2012, sasa ni Magharibi A na Magharibi B, na ni lazima uzijumlishe ndipo ulinganishe. Shehia nazo, yaani maeneo madogo ya utawala chini ya wilaya, zimekuwa zikigawanywa, hivyo muulize sheha, kiongozi wa shehia, kabla hujaandika kwamba watu wamehama.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni watu wa msimu. Sensa humhesabu mtu alipolala usiku wa sensa, na mvuvi wa kisiwa cha Kojani, Pemba, aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu, huhesabiwa kambini kwake, ijapokuwa mkewe na wanawe wako nyumbani wakimsubiri. Ukifanya uchunguzi wako mwenyewe mtaani, utasikia mama akisema, "Na mwanangu muandike, yuko dago." Usimkatalie, wala usimchanganye na waliohama, mwandike pembeni, uulize ameondoka lini na anatarajiwa lini. Wachumaji wa karafuu nao wafanyie vivyo hivyo. Kwa waliopo, uliza kila mmoja alizaliwa wapi na mwaka jana wakati kama huu alikuwa akiishi wapi.

Mwisho, panga majibu kwa umri, hatua ambayo kwa maoni yangu ina faida kuliko zote. Shehia yenye watoto tele na wazee wengi, lakini wachache wa miaka 20 hadi 35, inapoteza vijana hata kama jumla yake inapanda, na huko anayepanga huduma aulize kwanza nani anabaki kuwatunza wazee hao.