Kuanza na d4 kwenye mashindano ya sataranji (chess): kwa mchezaji aliyezoea baraza za Lamu

Pale uwanja wa Mkunguni, mjini Lamu, ukigusa kete ukabadili nia, mtacheka na mchezo uendelee. Mashindanoni, kete uliyoigusa kwa kusudi utaicheza, maadamu ina hatua halali. Unataka tu kuiweka katikati ya nyumba yake, yaani mraba wake? Tangaza kwanza, na iwe zamu yako. Saa ibonyeze kwa mkono uleule uliosogeza kete. Watazamaji wa kutilia maneno hawaruhusiwi, na afadhali.

Sasa ubao. Herufi ni mstari wa wima, namba ni safu ya ulalo ikihesabiwa kutoka upande wa nyeupe; nyumba isiyotajiwa kete ni hatua ya askari. Nyeupe d4, nyeusi d5, nyeupe c4. Askari huyo wa c4 anaonekana wa bure, lakini akiliwa unacheza e3 na askofu wako wa f1 anamwania askari wa nyeusi aliyekaa pale c4. Mpinzani akimng'ang'ania kwa b5, jibu a4. Akilinda kwa c6, kula b5, naye ale kwa askari wa c. Hapo malkia aende f3. Ngome ya a8 imeshikwa, na kuiokoa kutamgharimu farasi au askofu.

Wengi hawali, hucheza e6. Endelea: farasi c3, naye farasi f6, askofu g5, naye farasi wa b8 aende d7. Mkibadilishana askari pale d5, utaona askari wake amebaki kama hana mlinzi, kwa kuwa farasi wa f6 akiondoka malkia wake ataliwa. Usimguse! Ukimla kwa farasi, atakula kwa farasi wake na kukuachia malkia. Ukishamla malkia, askofu wake anaingia b4 na kumtishia mfalme wako. Kinga ni moja tu, malkia d2. Atamla malkia huyo, utamla askofu wake, naye mfalme wake atamla askofu wako aliye d8. Hesabu ikiisha umepoteza farasi kwa askari mmoja.

Badala yake cheza e3, askofu d3, malkia c2, farasi wa pili f3, kisha mfiche mfalme g1, yaani mfalme aruke nyumba mbili na ngome ya h1 impite hadi f1. Hapa mshike mfalme kwanza: ukianza na ngome, mwamuzi atakukatalia kujificha upande huo.

Mpango wa baadaye uko kushoto: ngome b1, kisha b4, a4, b5. Usitangulize b4 kabla ya ngome, maana askofu wake akiwa e7 anaichungulia nyumba hiyo. Akishacheza c6, askari wako wa b5 anakula pale, anakula kwa askari wa b, na askari wa c6 anabaki hana askari mwenzake wa kumlinda. Mlundikie ngome kwenye mstari wa c, bila haraka.