Safari ya bei nafuu Nyanda za Juu Kusini: anza hesabu mwisho wa njia

Anayepanga kwenda Iringa au Mbeya kwa hela yake mwenyewe, bila kampuni ya utalii, mara nyingi huanza kwa kuuliza nauli ya basi. Ndilo swali jepesi kuliko yote, na nauli ya basi huwa haiharibu bajeti ya mtu. Hela huishia kwenye kile kipande kinachoanza pale basi la barabara kuu linapokuacha: kilomita mbili za kuingia Isimila karibu na Iringa, kona za kutoka Chimala kupanda Matamba kuelekea Kitulo, njia ya tope ya kwenda Ziwa Ngozi. Kwa hiyo chukua daftari, andika kwanza mahali unapotaka kufika kabisa, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka stendi ya kwenu. Kila hatua iwe na chombo chake, saa yake na bei yake.

Nauli ya basi tuimalize haraka. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hupanga kiwango cha juu kwa kilomita. Desemba 2023 daraja la kawaida liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati shilingi 67.84. Dar es Salaam hadi Mbeya ni kama kilomita 830, kwa hiyo basi la kawaida haliendi mbali na 40,000. Viwango vikibadilishwa, fanya kuzidisha kulekule. Aliyebeba namba hiyo kichwani habishani na mpiga debe. Anakata tiketi dirishani au kwenye simu na kuendelea na mambo yake. Angalia tu saa iliyochapwa. Tiketi ikisema 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita mchana, na kila msimu wapo wanaokuja kuligundua hilo stendi, basi likiwa limeshavuka Mlandizi.

Uliza pia unashukia wapi. Iringa mjini iko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Basi linalokwenda Mbeya halipandi mjini kwa ajili ya abiria mmoja, kwa hiyo weka nauli ya daladala au bajaji ya kumalizia. Mbeya nako kuna tofauti kubwa kati ya kushukia Uyole, Nane Nane na Stendi Kuu. Anayeunganisha kwenda Tukuyu au Kyela hana sababu ya kuingia mjini: anashuka Uyole kwenye njia panda. Akipitiliza mpaka katikati ya jiji analipa daladala ya kurudi, na foleni ya malori ya Tunduma inaweza kumla saa nzima. Malori hayohayo huziba Mlima Kitonga pia, kwenye barabara ya kutoka Dar kabla ya kufika Iringa. Lori moja likiharibika kwenye kona, mabasi yote yanasubiri. Ratiba inayosema utafika Iringa saa nane na kuondoka Iringa saa nane na nusu ni ratiba ya mtu ambaye hajawahi kupita Kitonga.

Treni ya TAZARA ni nzuri kwa macho na hukupitisha maeneo ambayo basi halifiki, lakini haipiti Iringa. Reli inatoka Mlimba, inapanda Makambako, ndipo inakwenda Mbeya. Kabla ya kuiweka kwenye mpango uliza kituoni kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo, na usipange jambo lolote la lazima siku ya kufika.

Sasa kile kipande cha mwisho. Tuchukue Ngozi, ziwa lililokaa ndani ya kreta, milimani kati ya Mbeya na Tukuyu. Kosta ya Tukuyu inakushusha karibu na Isongole. Kutoka lami hadi mwanzo wa njia ya miguu kuna kilomita kadhaa, halafu unapanda msituni kwa saa moja mpaka mbili kutegemea pumzi zako. Sehemu ya mwisho imesimama, udongo unateleza na unashika mizizi kwa mikono. Juu ukingoni unaliangalia ziwa likiwa mbali chini yako, kama ukungu haujalifunika, na mchana mara nyingi unalifunika. Hivyo unatakiwa uwe umeanza kupanda saa mbili asubuhi. Maana yake ni kuondoka Mbeya alfajiri au kulala Tukuyu. Umeona jinsi saa ya ukungu inavyoamua unalala wapi, na mahali pa kulala panavyobadili bajeti nzima?

Pale Isongole vijana wa boda watakuzunguka. Kosa la kawaida ni kupatana bei ya kwenda peke yake. Mtu anafurahi amepunguziwa elfu mbili, anapelekwa, boda anaondoka. Akishuka mlimani saa tisa, miguu inatetemeka na mvua imeanza, anamkuta kijana mmoja tu pale, na bei ni ya huyo mmoja. Patana safari nzima hapohapo barabarani, kabla hujapanda: “Kaka, unipeleke mpaka njia inapoanzia, unifuate saa nane, unirudishe lami. Yote shilingi ngapi?” Chukua namba yake, mpigie palepale uone kama inaita, mpe nusu, nusu nyingine ukirudi. Na kofia ngumu uiombe, hata kama yeye anaona ni mbali kidogo tu.

Kisha tenganisha gharama za kichwa na gharama za kundi, maana hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kwa mfano tu: tuseme mwongozaji ni 20,000 kwa kundi, boda 12,000 kwa mtu kwenda na kurudi, kosta 8,000 kwa mtu kwenda na kurudi. Peke yako ni 40,000. Mkiwa wanne, kila mmoja anatoa 25,000. Boda na kosta hazishuki hata mkiwa kumi. Anayegawanyika ni mwongozaji. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hali inageuka, kwa sababu gari ndilo gharama kubwa na linagawanyika kwa viti. Hifadhi iko kama kilomita 130 magharibi mwa Iringa na ndani huruhusiwi kuzunguka kwa miguu kiholela. Mtu mmoja mwenye bajeti ndogo hana biashara Ruaha mpaka apate wenzake wa kujaza gari. Kukaa siku mbili Iringa mjini ukitafuta watu wanne wa kuchangia kunalipa kuliko kwenda peke yako kesho asubuhi.

Siku hizo mbili hazitapotea bure. Isimila iko kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya: daladala, kisha kutembea kama kilomita mbili. Nguzo za mchanga zilizochongwa na maji na zana za mawe za kale hazihitaji gari la kukodi. Kalenga, penye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa mwaka 1954, inafikika kwa daladala pia. Mwamba wa Gangilonga unapanda kwa miguu kutoka mjini.

Viingilio vya hifadhi vina bei ya raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi, na ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni wa nje. Lakini bei hiyo inataka kitambulisho. Kadi ya NIDA iwe mkononi, siyo picha iliyofifia kwenye simu. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ni kwa namba ya malipo, si taslimu getini, kwa hiyo hela iwe kwenye simu au kadi kabla mtandao haujapotea njiani. Uliza pia kibali kinadumu saa ngapi, kisha panga saa ya kuingia ili usilipe siku mbili kwa safari ya siku moja.

Kitulo inataka aya yake. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake hufunguka kuanzia Desemba hadi Aprili. Shida ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya mvua. Nyanda hizi zina msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili, na ukanda wa Tukuyu mvua haijui sana kalenda. Njia ya kutoka Chimala kupanda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Ikilowa, gari linalopanda leo huenda lisishuke kesho, au lishuke kwa bei nyingine. Anayefuata maua aweke siku moja ya akiba na hela ya kulala Matamba usiku mmoja zaidi. Asiye na siku hiyo aende Juni au Julai: njia ni kavu, maua machache, na baridi ya kutosha kugandisha umande kwenye majani. Anayetapika kwenye gari ameze dawa saa moja kabla ya Chimala, maana akishaanza kona ya kumi amechelewa. Na maua uyaache ardhini. Mizizi ya okidi imechimbwa mno milimani humu kwa ajili ya kuuzwa Zambia kama chakula, na ni moja ya sababu za eneo hili kulindwa.

Nguo ni suala la mwinuko kuliko la mwezi. Kyela na Matema, upande wa Ziwa Nyasa, ziko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, uwanda wa Kitulo kama 2,600. Joto hupungua kwa takriban digrii 6 kila mita 1,000, hivyo kati ya Matema na Kitulo kuna tofauti ya digrii 12 au 13 siku hiyohiyo. Usibebe koti moja zito. Beba tabaka: fulana, sweta, koti jepesi lisilopitisha maji. Anayetoka Pwani bila sweta asinunue jipya kwao. Mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, ina majaketi yanayoijua baridi ya Mbeya, na bei inapatanika. Kwa Ruaha epuka nguo za bluu iliyokoza na nyeusi kwa sababu mbung'o wanazifuata. Kwa Matema na Kyela kumbuka chandarua na dawa ya mbu. Malaria ya kule si ya kubahatisha.

Kabla ya kulipia gesti, ingia chumbani. Fungua bomba la moto uone kama maji yanapata moto kweli au utaletewa ndoo, na kama ni ndoo, inaletwa saa ngapi. Hesabu mablanketi: moja Kyela linatosha, moja Njombe mwezi Julai ni adhabu. Washa taa, jaribu soketi, funga mlango kwa ufunguo. Wanaume wawili wanaotaka kugawana chumba waulize kwanza, maana gesti nyingi hazikubali, na bajeti iliyogawanywa kwa mbili inarudi kuwa nzima usiku, mbele ya kaunta. Wiki ya kwanza ya Agosti Mbeya hujaa kwa maonyesho ya Nane Nane na vyumba hupanda bei. Mwishoni mwa Desemba mabasi ya Kyela hujaa wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, kwa hiyo kata tiketi mapema, ya kwenda na ya kurudi.

Taslimu ibaki kwenye noti ndogo. Matema na Matamba usitegemee mashine ya benki. Wakala yupo, ila wakala wa kijijini anaweza kuishiwa hela jioni, na makato ya kutoa mara tano elfu kumi kumi yanazidi ya kutoa hamsini mara moja. Toa mjini, gawanya sehemu mbili, moja begini, moja mwilini. Moja ya tano ya bajeti yote usiipangie kazi. Hiyo ndiyo ya Kitonga, ya mvua na ya gari lililogoma.

Chakula hakikusumbui huku. Tukuyu ndizi na parachichi ni bei ya kucheka, Kyela wali wake unajulikana nchi nzima, ziwani kuna mbasa na dagaa. Kwa mama lishe kula saa saba, si saa kumi. Saa kumi sufuria limebaki na ukoko na bei ni ileile.

Daraja la Mungu (daraja la asili la mwamba) na Kijungu (shimo la mwamba linalomeza maji), kwenye Mto Kiwira, ziko karibu na eneo la Chuo cha Magereza. Jiandikishe getini, uliza unapiga picha wapi, na majengo yao usiyapige. Ukitaka mwongozaji, mpate kwa utaratibu wa kijiji au ofisi ya utalii ya wilaya, na anza kwa salamu: Iringa “Kamwene”, Rungwe shukrani yao ni “Ndaga”. Bei haitashuka kwa neno hilo moja, lakini utaambiwa mapema kama daraja la miti limechukuliwa na maji wiki iliyopita.

Usiku wa kuamkia safari, chaji simu na betri ya akiba, na ukiwa Kitulo vilaze mfuko wa ndani karibu na mwili; baridi inazimaliza kabla hujapiga picha. Andika kwenye karatasi namba tatu: ya nyumbani, ya gesti, ya boda wa kesho. Karatasi nyingine yenye njia yako na saa ya kurudi iache kaunta, kwa mtu anayelala pale, siyo kwa yule anayetoka zamu saa moja asubuhi.